Darasa la nne hadi la sita: mtoto anajifunza nini, na mwaka uliokatwa umekwenda wapi?

Kwenye kikao cha wazazi mwanzoni mwa mwaka huu wa 2026, mama mmoja alisimama akauliza: "Mwanangu yuko la tano. Wa kaka yangu yuko la sita. Naambiwa mwakani wanamaliza shule ya msingi pamoja. Sasa mwalimu, wangu amerushwa darasa au wa kaka yangu amerudishwa?" Watu walicheka, kisha wakanyamaza, maana karibu kila mmoja alikuwa na swali hilo hilo mfukoni na alikuwa anaona aibu kulitoa.

Nilishika chaki miaka mingi kabla ya kuiweka chini, kwa hiyo baada ya kikao walinizunguka. Haya ndiyo niliyowaeleza, pamoja na yale ambayo siku ile hayakupata nafasi.

Tuanze na hesabu ya miaka, ndiyo nyepesi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014, toleo la 2023, inaweka elimu ya lazima kuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Zamani msingi ilikuwa saba. Mtaala mpya haukuingia madarasa yote kwa mkupuo. Januari 2024 uliingia darasa la kwanza na la tatu, na tangu hapo unapanda ngazi pamoja na watoto wale wale. Waliokuwa la tatu mwaka ule sasa wako la tano, na mwaka 2027 watakuwa la sita, mwisho wa safari yao. Waliokuwa la nne mwaka 2024 walibaki kwenye mtaala wa zamani. Mwaka 2027 watakuwa la saba, nao mwisho wao. Makundi mawili, njia mbili, kituo kimoja. Hakuna aliyerushwa wala aliyerudishwa, ila Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea watoto wa miaka miwili kwa pamoja, na hapo madawati ndiyo yatakayosema.

Na jambo hili si geni kama tunavyolichukulia. Muulize babu. Hadi miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa na darasa la nane, na wakati wa ukoloni watoto wengi waliishia la nne. Idadi ya madarasa imekuwa ikibadilika tangu zamani.

Swali zito ni lile linalofuata: kama mwaka mmoja umeondoka, umeondoka na nini? Hilo huwezi kulijibu mpaka ujue watoto wa madarasa ya juu ya msingi wanajifunza nini hasa. Ukiwauliza wazazi, wengi watakutajia majina ya masomo. Tuyataje basi: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, pamoja na dini na lugha za kuchagua kama Kifaransa, Kiarabu na Kichina. Yale Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili ya jana yamevunjwa na kuundwa upya humo. Lakini orodha ya masomo haikuambii kitu, kama vile orodha ya viungo isivyokuambia pilau limeivaje.

Kuna neno jingine linalowachanganya watu: umahiri. Mtaala "unaojikita katika umahiri" maana yake ni kwamba kipimo cha mwisho ni kile mtoto anachoweza kufanya kwa kutumia alichokijua. Anayejua kwamba maandazi yanahitaji unga, sukari, hamira na iliki ana maarifa. Anayekanda, akaona unga umekuwa mzito, akajua aongeze maji kiasi gani, huyo ana umahiri. Msishtuke mkadhani ni kitu kilichoanguka kutoka mbinguni. Mtaala wa 2005 nao ulisema hivyo hivyo. Tatizo la miaka yote limekuwa umbali kati ya karatasi na darasa lenye watoto wengi kuliko madawati.

Kusoma kunageuka

Darasa la kwanza na la pili mtoto anajifunza kusoma. Kuanzia la tatu, na hasa la nne, anasoma ili ajifunze. Sentensi hizo mbili zinafanana kwa sura tu. Ni kama baiskeli: mwaka wa kwanza unashangilia kwamba hajaanguka, baadaye unamtuma nayo sokoni, akabebe mkungu wa ndizi na kukwepa bodaboda. Hakuna anayempigia makofi tena kwa kutoanguka.

Hapa lugha yetu yenyewe inatuponza, na sijui kwa nini halisemwi mara nyingi. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishajua silabi, anaweza kusoma chochote kwa sauti: gazeti, mkataba wa mkopo, karatasi ya dawa. Mzazi anamsikia anatiririka kama mtangazaji wa redio na anaridhika. Lakini mtoto anaweza kusoma "mkopo huo utatozwa riba" bila kukosea herufi moja, na asijue nani anamdai nani.

Jaribu hii. Mpe asome: "Juma alipofika stendi, basi lilikuwa limeshaondoka. Alikaa juu ya begi lake, akamtazama mpiga debe bila kusema neno." Ukimuuliza Juma alikaa wapi, atajibu, maana jibu limeandikwa. Muulize Juma anajisikiaje, na umejuaje. Hilo halijaandikwa popote. Inabidi mtoto aunganishe basi lililoondoka na ukimya wa Juma. Kazi ya kuunganisha hivyo ndiyo kiini cha somo la Kiswahili madarasa ya juu. Methali, nahau, ushairi, barua rasmi na kugeuza kauli halisi kuwa kauli ya taarifa ni viwanja mbalimbali vya mazoezi hayo hayo.

Halafu kuna maneno madogo yanayobeba mizigo mikubwa: ingawa, isipokuwa, hata hivyo, endapo, kwa hiyo. Mtoto wa darasa la tano aliwahi kuniletea karatasi ya Sayansi. Swali lilisema wote wafuatao ni mamalia isipokuwa: popo, nyangumi, mamba, panya. Alichagua popo. Nilidhani amemchukulia popo kuwa ndege, kosa la kawaida kabisa. Nilipomuuliza, akanieleza vizuri kwamba popo anazaa na kunyonyesha. Sayansi aliijua sawasawa, ila "isipokuwa" hakuiona. Alama ikapotea kwenye Sayansi, na mzazi akaenda kutafuta mwalimu wa tuisheni wa Sayansi.

Namba zinapoacha kuwa vitu

Madarasa ya chini namba ni vitu: vifuniko vya soda, vijiti, vidole. Tatu ni maembe matatu. Madarasa ya juu namba inakuwa uhusiano kati ya vitu viwili, na hapo ndipo watoto wengi huanza kusema "mimi hesabu siziwezi". Mlango wenyewe ni sehemu.

Muulize mtoto kipi kikubwa, 1/3 au 1/4. Wengi watasema 1/4, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Wanatumia sheria iliyowafaa miaka mitatu. Waambie wagawane muwa mmoja, kwanza watu watatu, kisha watu wanne, waone wenyewe kwamba watu wakiongezeka, kipande kinapungua.

Lugha ya hesabu shuleni imetuwekea maneno mazuri hapa, tatizo tunawakaririsha watoto bila kuyafungua. Namba ya juu inaitwa kiasi, ya chini inaitwa asili. Asili inasema kipande kimetokana na kitu kilichokatwa mara ngapi. Kiasi kinasema umechukua vipande vingapi. Mtoto akishalielewa hilo, hawezi tena kujumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5, kosa ambalo nimelisahihisha mara nyingi kuliko jingine lolote. Litazame jibu hilo: 2/5 ni ndogo kuliko nusu. Ulikuwa na nusu, ukaongezewa, ukabaki na pungufu ya nusu! Mtoto anayeielewa sehemu anacheka mwenyewe. Anayekariri anaendelea na swali linalofuata.

Na jawabu liko dukani kwa Mangi. Ukinunua nusu ya sukari, ukaongeza robo, unaitaje? Robo tatu. Hakuna anayesema "nusu na robo ni mbili ya sita". Bila kwenda shule, umeigeuza nusu kuwa robo mbili, ukaongeza robo moja, zikawa tatu. Ile kugeuza nusu kuwa robo mbili ndiyo kazi yote ya kutafuta asili inayofanana, ambayo daftarini inaitwa kigawe kidogo cha shirika, KDS, na kutisha watu.

Kutoka kwenye sehemu, mengine yanafunguka kwa mfuatano: desimali, asilimia, uwiano, faida na hasara. Kwenye asilimia ningependa kila mtoto afundishwe kuuliza swali moja tu: asilimia ya nini? Shati la 15,000 likipunguzwa asilimia 20 linakuwa 12,000. Mwenye duka akipandisha bei hiyo kwa asilimia 20, je, inarudi 15,000? Hapana, inakuwa 14,400, kwa sababu sasa ni asilimia 20 ya 12,000. Watu wazima wenye vyeo vyao wanakwama hapo.

Nina kaugomvi na MAGAZIJUTO. Waliosoma msingi wanaikumbuka: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, yaani mpangilio wa kufanya matendo ya hesabu. Ni kifupi kizuri, kinakaa kichwani, lakini kikifuatwa neno kwa neno kinadanganya. Chukua 10 − 4 + 3. Anayejumlisha kwanza kwa sababu JU imetangulia TO atafanya 4 + 3 = 7, kisha 10 − 7 = 3. Jibu sahihi ni 9. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa rika moja, anayeanza ni yule aliye kushoto. Kugawanya na kuzidisha vivyo hivyo. Mwalimu mzuri analisema hilo siku ile ile anayofundisha kifupi, asisubiri mtihani uliseme.

Hata saa inaleta vurugu. Basi limeondoka saa 2:45, limefika saa 5:10, limechukua muda gani? Mtoto anatoa 245 kwenye 510, anapata 265, anaandika "saa 2 na dakika 65". Amekopa kutoka kwenye kumi na mia kama alivyofundishwa, wakati saa hukopesha 60. Saa 5:10 ni sawa na saa 4 na dakika 70. Toa sasa: saa 2 na dakika 25. Ukiongeza mtindo wa saa 24, ambapo saa moja yetu ya asubuhi inaandikwa 0700, utaelewa kwa nini mada ya wakati inachukua siku nyingi.

Hapa niguse uvumi unaozagaa: kwamba umahiri maana yake hakuna tena kukariri. Si kweli, na ni hatari. Jedwali la kuzidisha lazima likae kichwani. Mtoto anayehesabu saba mara nane kwa vidole katikati ya swali la faida na hasara, akirudi kwenye swali ameshasahau alikuwa anatafuta nini. Kichwa kina meza ndogo ya kufanyia kazi. Ukiijaza vijiti, hakuna pa kuweka daftari. Kosa letu la zamani lilikuwa kuishia kwenye kukariri.

Sayansi, ramani na Maji Maji

Katika Sayansi mtoto anaacha kutaja vitu na anaanza kuuliza vinafanyaje kazi. Toroli la fundi ujenzi ni nyenzo: gurudumu ni egemeo, mchanga ni mzigo, mikono yako ndiyo jitihada. Mkasi, kifungulio cha soda na ile pembea ya ubao wanayokalia watoto wawili, huku na huku, vinatumia kanuni hiyo hiyo kwa mpangilio tofauti.

Jaribio la maharage kila mtu analikumbuka, lakini wengi wanalikumbuka vibaya. Makopo mawili, udongo ule ule, mbegu zile zile, maji kiasi kile kile. Moja unaliweka dirishani, jingine kabatini. Waulize watoto kabla: lipi litarefuka zaidi? Watasema la dirishani. Baada ya siku kadhaa wanafungua kabati na kukuta mche mrefu kuliko ule wa mwangani, mwembamba, umepauka. Unakimbilia mwanga usiouona, kwa akiba iliyokuwemo kwenye mbegu. Ndipo neno usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, linapopata maana. Na kuna jambo la pili wanalolipata humo, ambalo kwangu ni kubwa kuliko maharage yenyewe: ukitaka kujua mwanga unafanya nini, badilisha mwanga peke yake. Ukibadilisha na maji, hujui tena kilichosababisha.

Ramani ni Hisabati iliyovaa nguo nyingine. Kipimio cha 1:50,000 kinasema sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini, yaani mita 500. Kijiji kikiwa sentimita 4 kutoka mtoni, mama mwenye ndoo anatembea kilomita mbili. Mtoto aliyekwama kwenye uwiano atakwama na hapa, halafu itasemwa hapendi Jiografia.

Historia nayo inabadilika. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 na kumalizika 1907, hilo la kukariri lipo. Kazi ya madarasa ya juu ni swali linalofuata: kwa nini watu wa makabila tofauti ya kusini, ambao hawakuwa na mfalme mmoja, waliinuka karibu kwa pamoja? Hapo yanaingia mashamba ya pamba ya kulazimishwa, kodi, viboko, na maji ya dawa ya mganga Kinjeketile yaliyowapa kitu kimoja cha kuamini. Somo kuunganishwa na Maadili kumezua maneno. Mimi naona inategemea. Likifundishwa kama hadithi za mashujaa wasiokosea, tutapata watoto wanaoimba. Likifundishwa kama watu waliokuwa na machaguo magumu, maadili yatakuja yenyewe.

Sanaa na Michezo sitalieleza sana. Anayesema ni kupoteza muda hajamwona mtoto aliyeshindwa kuandika insha akisimulia kisa kizima kwa mchoro.

Sasa, nini kimekatwa?

Kwa uzoefu wangu, sehemu kubwa ya darasa la saba ilikuwa marudio: mada zimeisha, asubuhi mtihani wa majaribio, jioni masahihisho, mpaka Septemba. Kwa hiyo kilichopotea si mwaka mzima wa mambo mapya. Lakini tusijidanganye kwamba hakuna kilichopotea. Marudio yale ndiyo yaliyokuwa yakiwaokoa wale ambao sehemu haikuwaingia darasa la tano. Wavu huo sasa haupo, kwa hiyo pengo likionekana darasa la nne lizibwe hapo hapo. Ningekuwa mkuu wa shule, mwalimu wangu bora wa Hisabati asingekaa darasa la mwisho, angekaa la nne.

Kuna mlima mwingine ambao mabadiliko ya miaka hayajauondoa. Watoto wa shule nyingi za serikali husoma Sayansi kwa Kiswahili hadi mwisho wa msingi, kisha kidato cha kwanza wanaikuta yote kwa Kiingereza. Mtaala mpya umeanza kuwapa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, na hiyo ni nafuu. Hata hivyo, wazazi wengi wanahitimisha kwamba kusoma kwa Kiswahili ni kupoteza miaka. Mtoto aliyeuona ule mche wa kabatini na kuelewa, akifika sekondari anajifunza jina jipya la kitu anachokijua. Aliyekariri jina bila kitu, atalipoteza hilo la kwanza na la pili halitakuwa na pa kukaa.

Yule mama alinisubiri nje. Alitaka jina la kitabu cha kumnunulia mwanawe. Nikamuuliza sukari kwao kilo bei gani, akasema 3,200. Nikamwambia ampe mtoto 5,000, amtume robo tatu, na kabla hajatoka amwambie chenji itakuwa ngapi.

Jumatatu akanipigia anacheka. Mtoto alisema 2,600 papo hapo, na chenji aliyorudi nayo ilikuwa 2,600 kamili. Ila sukari ilikuwa nusu. Alipobanwa, akaeleza kwamba robo tatu ni robo mbili na robo moja, robo mbili ndizo hizo mezani, na ile robo ya tatu, yaani 800, ilikuwa pipi.